Je, wajua kwa nini ubao wa vionjo haukinaishi?

Mwekee mgeni bakuli la korosho tupu kabla ya chakula. Atachota mara tatu, mara nne, kisha mkono utaanza kuchelewa, na baada ya muda bakuli litasukumwa katikati ya meza. Sasa chukua korosho zilezile uziweke kwenye ubao, pembeni yake kipande cha jibini, kishada cha zabibu, zeituni na biskuti chache za chumvi. Mkono hautulii. Unatoka kwenye jibini, unakwenda kwenye zabibu, unarudi kwenye jibini kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Tumbo ni lilelile, njaa ni ileile. Kimebadilika nini?

Kiswahili kina neno lake: kukinai. Kushiba ni habari ya tumbo, kukinai ni habari ya ulimi, na mtu anaweza kabisa kukinai kitu huku njaa bado anayo. Jambo hilo limewahi kupimwa. Mwaka 1981 Barbara Rolls, Edmund Rolls na wenzao walichapisha majaribio ambamo watu walionja vyakula kadhaa na kusema kila kimoja kinawapendeza kiasi gani. Kisha walikula kimoja tu hadi wakatosheka, wakaonja vyote upya. Kile walichokila kilikuwa kimewapotezea hamu. Vile ambavyo hawakuvila vilishuka kidogo tu. Katika jaribio jingine la mwaka uleule, sandwichi zenye vijazo vinne tofauti zililiwa takriban theluthi moja zaidi kuliko za kijazo kimoja.

Kwa mwandaaji wa ubao, lenye faida zaidi ni jaribio la mtindi. Mitindi iliyotofautiana ladha, rangi na umbile iliwafanya watu wale zaidi. Iliyotofautiana ladha peke yake, huku rangi na umbile vikiwa sawa, haikufanya hivyo. Kwa hiyo aina tatu za jibini jeupe laini, hata ziwe za gharama kiasi gani, mdomoni zinakaribia kuwa kitu kimoja. Jibini moja laini, moja gumu la kumeguka, kitu kikavu kinacholia kacha, kitu chenye maji, kitu kichachu: hapo ulimi unapata kazi mpya kila mara. Vitu vitano au sita vinavyotofautiana kweli vinatosha. Mbao zile zenye vitu ishirini ninazoziona kwenye picha huwa zinanichosha macho kabla sijagusa chochote, na nikihesabu vizuri nakuta nusu yake ni ndugu wa baba mmoja.

Kukinai lakini si hadithi yote. Jibini na nyama kavu zina mafuta mengi, na mafuta hutandaza utando juu ya ulimi. Tonge la tatu la salami huna tena uhakika unaonja nyama au unaonja mafuta ya tonge la pili. Hapa ndipo ukakasi unapoingia, ile hali ya kinywa kukauka na kukaza unapokunywa chai nzito isiyo na maziwa au unapotafuna pera bichi. Vitu vyenye ukakasi vina tanini, na tanini hunasa protini za mate zinazofanya kinywa kiteleze. Mwaka 2012 Paul Breslin na wenzake walichapisha jaribio ambamo watu walikula salami na kupiga mafunda ya vinywaji vyenye ukakasi kwa zamu. Hisia ya mafuta ilipungua kuliko walipotumia maji, na ukakasi nao, ambao huongezeka funda baada ya funda, ulipunguzwa na mafuta. Kila mmoja alimfutia mwenzake.

Ndiyo maana zabibu za ganda gumu, komamanga na njugu za jozi (walnut) zenye ngozi yake ya kahawia hukaa vizuri jirani na jibini. Si urembo. Vichachu kama matango ya siki husaidia kwa njia nyingine: uchachu huita mate, na mate husafisha. Glasi ya chai ya rangi iliyopoa, isiyo na sukari, hufanya kazi hiyohiyo kwa asiyekunywa divai.

Na asali juu ya jibini lenye chumvi kali? Chumvi hupunguza uchungu, na uchungu ukishuka, utamu uliokuwa umefunikwa hujitokeza. Breslin na Gary Beauchamp walilionyesha hilo mwaka 1997. Tone moja tu la asali linatosha. Ukimwaga, umeandaa kitindamlo.

Jambo la tatu nilijifunza kwa aibu ndogo. Niliwahi kutoa jibini kwenye friji mlango unapogongwa, nikalikata, nikalipeleka mezani. Mgeni mmoja alitafuna, akafikiri, akasema kwa adabu zote, "Lina baridi nzuri." Hakuwa na lingine la kusifu. Usiku, wakati wa kuosha vyombo, nilimega kipande kilichobaki ubaoni, na lilikuwa jibini jingine kabisa: lilinukia karanga, lilikuwa laini, na ladha yake ilikaa mdomoni baada ya kumeza.

Sababu ni mafuta ya maziwa. Kwenye nyuzi joto 4 za friji sehemu kubwa yake imeganda. Hulegea taratibu kadiri joto linavyopanda, na huyeyuka yote yakikaribia joto la mwili. Harufu nyingi za jibini zimefungwa ndani ya mafuta hayo, na katika baridi hazipandi. Na sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha ni harufu inayopita nyuma ya koo hadi puani. Ziba pua utafune kipande, kitakachobaki ni chumvi na uchachu. Ulimi wenyewe pia hulegea kazi katika baridi. Kwenye seli za kuonjea kuna mlango mdogo uitwao TRPM5 unaosaidia kupeleka habari ya utamu kwenye ubongo, na mwaka 2005 watafiti walionyesha kwamba unaitika zaidi joto likipanda kutoka nyuzi 15 hadi 35. Aiskrimu iliyoyeyuka huonekana tamu kupita kiasi kwa sababu hiyohiyo.

Basi jibini gumu litoke kwenye friji saa moja kabla, laini nusu saa hivi, yote yamefunikwa yasikauke. Gumu likate vipande vyembamba, maana wembamba huongeza eneo la kutoa harufu. Laini liache zima na kisu chake.

Kupanga kwenyewe hakuhitaji kipaji. Anza na vibakuli, vile vya zeituni na asali, kwa sababu havikunjiki wala havipungui. Vikishapata mahali, vingine vyote hujipanga kuvizunguka. Jibini lifuate, kila moja kona yake, kisha nyama kavu iliyokunjwa kidogo ishike hewa badala ya kulala bapa. Matunda baadaye. Biskuti mwisho kabisa, dakika chache kabla ya mlango kufunguliwa, na ziwe mbali na chochote kibichi. Maji husafiri kutoka kwenye kitu chenye unyevu kwenda kwenye kikavu: laza biskuti juu ya kipande cha nyanya na baada ya muda mfupi ile kacha imegeuka kitambaa. Ukiona biskuti zinahitaji kukaa muda mrefu, zipe kikapu chake nje ya ubao.

Tufaha nalo lina tabia yake. Kisu kinapopasua seli, kimeng'enya kiitwacho polifenoli oksidesi hukutana na oksijeni, na nyama nyeupe hugeuka kahawia. Paka maji ya ndimu: asidi hukizubaisha kimeng'enya, na vitamini C huzuia rangi isijengeke. Au kata tufaha mwisho, kama ndimu inakuharibia ladha.

Kwa kiasi, ikiwa chakula kinafuata, gramu 60 hivi za jibini kwa kila mtu zinatosha. Wageni waliojaa vionjo hawakosi kulaumu mpishi. Na saa iangaliwe. Vitu vinavyoharibika visikae mezani zaidi ya saa 2, na joto likizidi nyuzi 32, saa 1 tu. Mjamzito akiwamo, mtengee sahani yake pembeni isiyo na vitu hivi: jibini laini la maziwa yasiyochemshwa na nyama baridi zilizokaushwa huweza kubeba bakteria wa listeria, ambao huendelea kuzaliana hata ndani ya friji. Lozi na korosho zikae kwenye kibakuli chao, maana kuna watu ambao unga wa lozi au korosho ulioshika kisu cha jibini unatosha kuwapeleka hospitali.

Kisha kuna tatizo ambalo sijaona kitabu cha upishi kikilizungumzia. Ubao ukipendeza sana, hakuna anayeugusa. Wageni wanausifu, wanaupiga picha, wanasimama mikono nyuma kama watoto mbele ya keki ya harusi, kila mmoja akimsubiri mwenzake auharibu. Siku hizi kabla sijafungua mlango namega pembe ya jibini gumu, naacha kisu kimelala hapo na vichembe vyake, na zabibu mbili nazing'oa nakula mwenyewe.