Kibeji cha eksrei hakikingi mtu

Juzi niko kwa foleni ya eksrei hapa tauni, kijana wa mashine akapita na kile kibeji chake kifuani, mama tuliyeketi naye akaninong'oneza ati, "Unaona, wao wamepewa kinga, sisi tunapigwa tu hivi hivi."

Si yeye pekee anaamini hivo. Lakini kile kibeji hakizuii mionzi hata kidogo. Aina moja inayotumika sana iko na vifuwele ndani, vinaweka nishati ya mionzi, halafu vinapelekwa maabara vinapashwa moto vinatoa mwanga, na huo mwanga ndio unaonyesha mtu amepokea kiasi gani. Ni kama mita ya stima, lini ilikupunguzia bili? Na ukikiacha kwa koti nyuma ya mlango (wako wanaofanya hivo, nimeona) basi kinapima mlango. Kinga ni ukuta wenye risasi (ile metali nzito, si ya bunduki), kusimama mbali, na kutokaa hapo sana.

Ingine ni hii ya "kila mashine inasoma vile inataka." Wapi! ICRU, tume ya kimataifa ya vipimo vya mionzi, ilianzishwa 1925 ili nchi zote zipime kwa lugha moja, na hapa Nairobi KEBS, shirika la viwango, iko na maabara ya kulinganisha mita za mionzi na kipimo cha kimataifa.

Kwa namba ndio watu hupotea kabisa. Mtu akisikia bekereli 4,000 anatoroka, na mwili wake mwenyewe uko na karibu hizo, za potasiamu tu, kwa sababu bekereli ni atomu moja kuvunjika kwa sekunde basi, haisemi umeumia. Grei ni nishati iliyobaki mwilini, joule 1 kwa kilo 1. Siverti sasa inaangalia madhara, ndio maana kwa hesabu yake mionzi ya alfa inazidishwa mara 20 na eksrei mara 1. Eksrei ya kifua kawaida ni milisiverti 0.1 ama chini, na mazingira peke yake yanatupea wastani wa milisiverti 2 hadi 3 hivi kwa mwaka duniani.

MRI (picha ya sumaku) na altrasaundi (picha ya mawimbi ya sauti)? Hakuna eksrei hapo, songa.

Mama akauliza, "Si wanasema mwisho ni milisiverti 1 kwa mwaka, na mimi nilipigwa CT Januari?" (CT ni eksrei nyingi kompyuta inaziunganisha.) Hiyo 1 ni ya raia wa kawaida, mfanyakazi ni wastani wa 20 kwa mwaka kwa miaka mitano, lakini mgonjwa hawekewi mwisho hivo, daktari ndiye anafaa kuonyesha picha ina faida kuliko hatari. Nikamwambia hiyo CT aitaje akiingia, wakiwa na ile picha pengine hii ya leo haihitajiki. Akaanza kutafuta karatasi kwa mkoba.