Herufi zenye taa mbele ya duka: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

Mchoro wa bango hupendeza siku zote kwenye skrini. Nyuma kumewekwa giza, herufi zinawaka, na mwenye biashara anakubali papo hapo. Likishapandishwa ukutani na jua la mchana kulipiga, ndipo inapogundulika kwamba jina halisomeki kutoka ng'ambo ya barabara. Makosa mengi kwenye mabango haya hayatokani na ubahili wala mafundi wabovu. Yanatokana na kuchagua kwa kuitazama skrini badala ya kuutazama ukuta, na kwa maneno machache yanayorudiwarudiwa mpaka yakaonekana kweli.

Nazungumzia mabango ambayo kila herufi ni boksi linalojitegemea: kingo za alumini iliyokunjwa kufuata umbo la herufi, uso wa akriliki (plastiki ngumu inayopitisha mwanga), na taa ndogondogo za LED ndani. Mwanga unaweza kutokea mbele, ukatokea nyuma na kumwagika ukutani, au pande zote mbili.

"Likiwaka sana ndipo litasomeka"

Dhana hii huharibu mabango kuliko nyingine zote. Bango linalowaka sana linaonekana, lakini kuonekana si kusomeka. Usiku mwanga mkali hufurika nje ya mipaka ya herufi. Tumbo la "a" na la "e" huzibika, na herufi mbili zilizosogeleana hugeuka kitu kimoja. Ndiyo maana nafasi kati ya herufi za taa inatakiwa kuwa kubwa kidogo kuliko ile inayopendeza kwenye karatasi. Bluu ina tabu yake ya ziada: jicho la binadamu haliwezi kuukusanya mwanga wa bluu mahali palepale linapokusanya rangi nyingine, kwa hiyo kwa mbali herufi za bluu huonekana kama zimezungukwa na ukungu. Kama bluu ndiyo rangi ya nembo yako, zipe herufi hizo mistari minene na nafasi ya kutosha.

Cha kutafuta ni usawa wa mwanga kabla ya ukali wake. Taa zikipangwa zikiwa zimeachana sana ndani ya boksi lisilo na kina cha kutosha, uso wa herufi hujaa madoa meupe, na kila doa ni taa moja inayochungulia. Ukiona herufi za mwisho zimefifia kuliko za kwanza, mara nyingi taa nyingi mno zimeungwa kwenye mstari mmoja, na volti zinapungua kadiri waya unavyokwenda mbali. Haya yote huonekana kabla bango halijatoka karakana. Omba liwashwe mbele yako kwenye chumba chenye giza. Omba pia kifaa cha kupunguzia mwanga, kwa sababu ukali unaofaa kwenye barabara iliyojaa taa ni kero kwenye mtaa wenye giza.

"Bango la taa ni la usiku"

Duka linalofunguliwa asubuhi hutegemea bango lake saa nyingi likiwa limezimwa. Uso wa akriliki nyeupe juu ya ukuta mweupe hupotea kabisa mchana, hata kama usiku ni wa kupendeza. Kwa hali hiyo, weka kingo za rangi nzito, au weka usoni stika nyeusi yenye vitundu vidogo, inayofanya herufi iwe nyeusi mchana na nyeupe ikiwashwa. Kila mchoro unaoletewa, udai katika picha mbili, ya mchana na ya usiku, zote juu ya picha halisi ya ukuta wako.

"Ukubwa wowote unatosha, mradi linawaka"

Mafundi wana kipimo wanachokitumia kukadiria: kila sentimita 2.5 za urefu wa herufi husomeka kwa raha kutoka umbali wa mita 3 hivi. Herufi ya sentimita 30, basi, humhudumia vizuri mtu aliye mita 36 kutoka hapo. Akiwa mbali zaidi bado anaweza kuisoma, ila kwa kukaza macho, na dereva hana muda wa kukaza macho. Kabla ya kulipa chochote, kata herufi moja ya kadibodi kwa ukubwa uliopangiwa, ibandike ukutani, kisha vuka barabara uitazame. Jaribio hili halichukui hata saa moja, na hakuna mchoro wa kompyuta unaoweza kuchukua nafasi yake.

Tazama pia fonti. Mwandiko wa kuunganisha wenye mikia myembamba unavutia kwenye nembo, lakini taa lazima ziingie ndani ya mstari wa herufi. Mstari ukiwa mwembamba mno, fundi hulazimika kuunenepesha, na nembo hubadilika bila wewe kuulizwa. Ni heri jina kubwa peke yake kuliko jina, kaulimbiu na orodha ya huduma vinavyogombania ukuta mmoja.

"Mwanga wa nyuma hupendeza ukuta wowote"

Nazipenda sana herufi hizi. Uso wake hauwaki. Taa hutazama nyuma, herufi ikasimamishwa sentimita 4 au 5 kutoka ukutani, na mwanga laini ukaizunguka. Lakini hapo ukuta ndio kioo cha taa, na si kila ukuta unaikubali kazi hiyo. Ukuta wa vigae vinavyong'aa huakisi taa mojamoja, ukaona nukta badala ya mwanga laini. Ukuta mweusi huumeza mwanga. Kwenye kioo cha dirisha hakuna pa kuangukia. Suluhisho lipo: bati au ubao wa rangi nyepesi isiyong'aa uwekwe nyuma ya herufi. Hiyo ni gharama ya ziada, na inapaswa kuwamo kwenye makadirio ya kwanza.

"LED haziungui, na zinakula umeme"

Hofu ya umeme inatokana na taa za neon (mirija ya kioo yenye gesi inayotoa mwanga), zilizoonyeshwa Paris na mvumbuzi Mfaransa Georges Claude mwaka 1910, ambazo transfoma zake zinaweza kufika volti 15,000. Taa za LED za mabango hutumia volti 12 au 24. Na kwa upande wa matumizi, bango la wati 100, likiwaka saa 12, linatumia uniti 1.2 tu kwa siku.

Kuhusu maisha marefu, saa 50,000 zinazoandikwa kwenye matangazo ni sawa na zaidi ya miaka 11 kwa saa 12 kila siku. Ila kwa kawaida saa hizo huhesabiwa mpaka mwanga unaposhuka kufikia asilimia 70 ya ule wa mwanzo, na joto huzifupisha. Tena kinachokufa kwanza mara nyingi ni kifaa cha kupoozea umeme, yaani kinachoushusha umeme wa jengo mpaka volti za LED. Kisibebeshwe zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wake, na kiwekwe mahali fundi anapofika bila kubomoa kitu. Kikizikwa nyuma ya ukuta usiofunguka, hitilafu ndogo itageuka kazi ya siku nzima.

"Boksi la waya nyuma ya herufi ni ushamba"

Hapana. Herufi zikifungwa moja kwa moja ukutani, kila moja inataka matundu yake. Boksi refu linalobeba herufi zote na waya huhitaji matundu machache, na likipakwa rangi ya ukuta hulioni kwa mbali. Kwa aliyepanga, siku ya kuhama ataling'oa na kwenda nalo. Vyovyote utakavyochagua, ridhaa ya mwenye jengo na kibali cha mamlaka ya eneo vitangulie utengenezaji, maana mara nyingi ukubwa na mwanga wa mabango vina kanuni zake.

"Bango zuri halina tundu hata moja"

Chini ya kila herufi ya nje kunatakiwa kuwe na vitundu vidogo. Maji hupenya kidogo hata yafanyweje, na unyevu wa ndani hugeuka matone usiku hewa inapopoa. Bila njia ya kutokea, maji hukaa pale chini, waya huota kutu, na uso wa herufi hupata mstari wa uchafu. Ukimwona mtu anapanda ngazi kuviziba kwa silikoni akidhani anakusaidia, mshushe.