Mkanda wa mashine: kitambaa kina kazi yake, ila si hiyo unayoidhani

Msimu wa mpunga ukikolea kule Ubaruku na Igurusi, mashine za kukoboa hazilali, na mikanda inayopeleka nguvu ya mota kwenye kinu hukatika. Mwenye mashine anapanda gari hadi Mwanjelwa, jijini Mbeya, anaingia duka la vipuri, anaukunja mkanda mpya, anaukwaruza kwa kucha na kuuliza: "Turubai lake, kitambaa hiki cha nje, gumu hili?" Muuzaji anasema gumu. Biashara imeisha. Swali hilo limewapotezea watu hela nyingi, basi nianze nalo.

Dhana yenyewe ni kwamba kitambaa ndicho kinachovuta, kwa hiyo kitambaa kizito ni mkanda imara. Chukua mkanda wa V wa saizi B uliotupwa nyuma ya banda, ukate kwa msumeno, tazama pale ulipokatwa. Karibu na mgongo utaona mstari wa vidoti: hizo ni kamba nyembamba, mara nyingi za poliesta, na ndizo zinazobeba mvuto wote. Chini yake kuna mpira mgumu unaobanwa mkanda ukijikunja kwenye puli, yaani gurudumu lenye mfereji unamopita mkanda. Juu yake kuna mpira unaotanuka. Kitambaa ni koti tu. Kinauzuia mpira usilike, kinapambana na vumbi la pumba, na mzigo ukija kwa kishindo kinauruhusu mkanda uteleze kidogo badala ya kukatika.

Ukitaka ushahidi, angalia unavyotengenezwa. Kamba huchovywa kwenye gundi na kuvutwa zikiwa na joto ili zisije zikarefuka kazini. Kisha huzungushwa kwenye pipa la chuma juu ya tabaka la mpira mbichi, mzunguko baada ya mzunguko, kama uzi kwenye kibiringo. Hukatwa pete pete, kingo huchongwa zipate umbo la V, ndipo pete ivalishwe kitambaa kilichopakwa mpira. Na kitambaa hicho hukatwa hanamu, kama fundi cherehani anavyokata gauni linalotakiwa kucheza. Kikikatwa hanamu kinanyumbulika kila mkanda unapopinda, bila kupasuka. Lakini kitu kilichokatwa hanamu kinavutika. Jaribu kwa mikono yako. Kitu kinachovutika hivyo hakiwezi kubebeshwa mota ya kinu.

Hatua ya mwisho ni kuupika kwa joto na mgandamizo, nyuzi joto 150 hivi au zaidi, ili salfa iliyochanganywa kwenye mpira iufunge usirudi kuwa kinamo. Njia hiyo Charles Goodyear aliigundua Marekani mwaka 1839, na mpaka leo msingi ni uleule, ingawa mikanda mingi sasa inatumia mpira wa viwandani kuliko utomvu wa mti.

Hapo ndipo unaona kwa nini mkanda wa V uliokatika hauungwi. Watu husema, "Mbona ule mkanda bapa wa injini ya zamani ya kusagia tulikuwa tunauunga kwa pini na unapiga kazi?" Ni kweli, mkanda bapa unaungwa. Huu wa V una kamba iliyozungushwa mfululizo bila kiungo; ukishakatika, pini zako zinashika mpira na koti, kamba zimeachana. Na mpira uliokwisha kupikwa hauyeyuki tena ukashikana, hata uuchome vipi.

"Mkanda usio na kitambaa ubavuni ni feki." Hapana. Ipo mikanda inayoachwa mpira wazi ubavuni makusudi. Inashika puli zaidi na kupinda kirahisi. Mingine ina vikato kwa ndani, na nimesikia fundi akiiita mkanda wa taiming, yaani ule wa meno yanayoumana na meno ya puli. Vikato vile haviumani na kitu chochote; vipo ili mkanda upinde na kupoa. Kwa mashine za mbao za Mafinga, ambako gogo lenye fundo linaweza kuukaba msumeno ghafla, mimi bado ningechagua wenye koti la kitambaa, kwa sababu ya ule mtelezo mdogo nilioutaja. Kwa feni inayozunguka kwa utulivu, ningechukua wa mpira wazi.

Sasa njoo kwenye puli, maana kikulacho ki nguoni mwako. Wengi wanadhani mkanda unakalia sakafu ya mfereji. Mkanda wa V unashika kwa mbavu. Umbo lake, la pembe ya nyuzi 40 hivi, linaujaza mfereji kama kabari kwenye gogo, na ukabari huo unaongeza mshiko karibu mara 3 kuliko mkanda bapa uliokazwa kwa nguvu ileile. Ukiona sakafu ya mfereji inang'aa kama sarafu, mkanda umeshagusa chini na ukabari umekwisha. Mkanda mpya juu ya puli ya namna hiyo utakatika kama wa kwanza, na muuzaji wa Mwanjelwa atatukanwa bure.

Kuna pia wanaoweka puli ndogo kwenye mota "ili kinu kipate nguvu". Piga hesabu: mota ya kilowati 15 inayozunguka mara 1450 kwa dakika, ikiwa na puli ya milimita 150, inaukimbiza mkanda mita 11 na ushei kwa sekunde, na mvuto ni kama uzito wa kilo 134. Ukiweka ya milimita 75, mvuto unaruka hadi karibu kilo 270, huku mkanda ukilazimika kujikunja kwenye kiduara kidogo mno. Kwa mkanda wa B, puli isishuke chini ya milimita 125.

Mkanda ukilia, upake grisi? Usipake. Wala oili chafu, wala lami, wala sabuni. Mafuta yanauvimbisha mpira na kulegeza gundi kati ya tabaka. Kelele inanyamaza siku mbili, halafu koti linaanza kuambuka. Kelele maana yake mkanda umelegea au puli zimepishana. Weka rula ndefu au uzi ulionyooka ubavuni mwa puli zote mbili uone.

Kukaza nako kuna wazimu wake. "Kaza mpaka ulie kama gitaa," husema vijana, na beringi ndizo zinazolipa. Kipimo cha mafundi ni hiki: umbali kati ya puli na puli ukiwa nusu mita, bonyeza katikati kwa nguvu ya wastani, uzame milimita 8 hivi. Mkanda mpya ukague tena baada ya siku moja au mbili za kazi, kwa sababu unajikalisha kwenye mifereji na kulegea.

Namba nayo huchanganya. B60 si inchi 60 kwa nje. Ni kwa ndani. Ukizungusha tepu mgongoni utapata kama 63, na ukiagiza hiyo 63 utarudi Mbarali na mkanda usiokazika hata ukivuta mota mpaka mwisho wa reli zake.

La mwisho ni la ubahili. Mashine ina mikanda mitatu, mmoja umekatika, unanunua mmoja. Ile miwili ya zamani imekwisha kurefuka kidogo, kwa hiyo mpya peke yake ndio unaokazika na kuvuta, na wazee wanazunguka nao wakiusindikiza.