Filamu ya jela ni ipi hasa?

Si kila filamu yenye nondo na pingu ni filamu ya jela. Jambazi akikamatwa dakika kumi kabla ya mwisho, akatupwa ndani na majina ya waigizaji yakaanza kupita, hiyo ni filamu ya ujambazi. Filamu ya jela huanza pale mlango unapogongwa nyuma ya mtu. Kuanzia hapo gereza ndiyo dunia nzima, na swali si tena nani alitenda kosa. Linalotuweka kwenye kiti ni kujua huyu aliyeingia leo, akavuliwa nguo na kupewa namba, atakuwa mtu gani baada ya miaka kumi.

Mtindo huu ni wa zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1930 Marekani ilitoa The Big House, ikampa mwandishi wake Frances Marion tuzo ya Oscar. Humo tayari yumo mfungwa mgeni asiyejua kitu, mbabe wa seli, anayewachoma wenzake kwa askari, fujo kwenye ukumbi wa chakula na njama ya kutoroka. Zilizofuata zimekuwa zikipanga upya samani zilezile.

Tuanze na ukatili, maana ndio unaoeleweka vibaya zaidi. Ukitajwa, mtu huwaza virungu, visu vya kujitengenezea na seli ya giza. Hivyo vipo, na havikosi kwenye filamu hizi. Lakini mwaka 1958 mwanasosiolojia Gresham Sykes, aliyechunguza gereza moja la New Jersey, aliandika kwamba machungu ya kifungo ni yale mtu anayonyimwa: uhuru, vitu vya kutumia, mapenzi, usalama, na haki ya kujiamulia mambo yake. Hilo la mwisho ndilo filamu nzuri hulishika. Kwenye The Shawshank Redemption ya 1994 wapo wanaopigwa hadi kufa, ila kinachonikaa mimi kichwani ni mzee Red. Ameshaachiwa, anapakia bidhaa za wateja dukani, na anamwomba bosi ruhusa ya kwenda chooni. Bosi anamwambia hana haja ya kuomba kila mara. Red anabaki kujieleza kimoyomoyo: miaka arobaini ameomba ruhusa, na sasa bila kuruhusiwa mkojo hautoki. Hakuna aliyemgusa, na hakuna tone la damu, ila jela imeshamwingia mwilini. Mwenzake Brooks, aliyetunza maktaba ya gereza kwa miaka mingi, alitoka kabla yake. Uraiani ulimshinda, akajinyonga kwenye chumba cha kupanga.

Ukatili unaweza pia kugeuka mchuzi wa kuongezea ladha. Midnight Express ya 1978, kuhusu kijana Mmarekani aliyefungwa Uturuki, inakaba koo kwelikweli, lakini karibu kila Mturuki ndani yake ni mnyama. Mwandishi wake, Oliver Stone, alikuja kuwaomba radhi Waturuki mwaka 2004. Askari wakichorwa kama mashetani watupu, mtazamaji hapati nafasi ya kujiuliza utaratibu gani unamgeuza mtu wa kawaida kuwa mpigaji.

Kuishi humo ndani nako kuna bei. Katika Un prophète, filamu ya Kifaransa ya 2009, Malik ana miaka kumi na tisa, hajui kusoma na hana ndugu wala kundi. Mbabe wa gereza anamwamuru amuue mfungwa mwingine, la sivyo atauawa yeye. Tunamwona mbele ya kioo akijizoeza kuficha wembe mdomoni, damu ikimchuruzika. Siku ya kazi yenyewe, yule anayekwenda kuuawa anamshauri ajifunze kusoma, atoke jela akiwa na akili zaidi kidogo kuliko alivyoingia. Malik anamuua, kisha anafuata ushauri wake. Tangu hapo marehemu anakuwa mgeni wa kudumu ndani ya seli. Filamu haimsafishi Malik na haimhukumu, na kwa maoni yangu hapo ndipo inapozishinda nyingine nyingi, zile ambazo shujaa hutoka mikono yake ikiwa safi kama alivyoingia.

Matumaini je? Hotuba nzuri za kwenye uwanja wa mazoezi mimi haziniambii sana. Waongozaji wawili wa Ufaransa walituonyesha kwamba matumaini ya mfungwa yanakaa mikononi. Robert Bresson, mwaka 1956, alisimulia kutoroka kwa André Devigny, ambaye Wajerumani walimhukumu kifo katika gereza la Montluc, Lyon, mwaka 1943. Jina la filamu lenyewe, Un condamné à mort s'est échappé, linatangaza kwamba mhukumiwa katoroka, kwa hiyo hatungoji mwisho. Tunatazama kijiko kikinolewa sakafuni hadi kiwe patasi, ubao wa mlango ukilegezwa siku baada ya siku, na vumbi la mbao likizolewa kabla askari hajapita. Miaka minne baadaye Jacques Becker, katika Le Trou, aliwaweka wafungwa wapige sakafu ya zege kwa chuma, na kamera ikabaki palepale karibu dakika nne bila kukata. Mwanzoni unashangaa zege inavyogoma, halafu unajikuta unahesabu mapigo. Mlangoni wamefunga kipande cha kioo kwenye mswaki, wanakipitisha tunduni kuchungulia kama askari anakuja. Sijaona picha ya tumaini inayoishinda hiyo.

Ila kutoroka ni ndoto ya sinema zaidi ya ya gereza. Watatu waliotoroka gereza la Alcatraz, Marekani, mwaka 1962 wanasimuliwa hadi leo kwa sababu kisa kama chao ni adimu. Wafungwa wengi hutumikia kifungo hadi mwisho, siku moja baada ya nyingine, na filamu chache zina subira ya kukaa nao.

Sing Sing ya 2023 inayo. Inahusu kundi la maigizo ndani ya gereza la jina hilo, New York, na wengi wa waigizaji waliwahi kufungwa wenyewe. Clarence Maclin anaigiza nafsi yake ya zamani: mtu mgumu anayewatisha wenzake uwanjani na kuwatukana bila kufikiri. Kwenye mazoezi anamwita mwenzake kwa tusi, anaambiwa kwamba hapa neno hilo hatuitani. Anauliza basi wanaitanaje.

Mpendwa, anajibiwa.