Kabla ya Kumnukuu Laozi Kwenye Hotuba Yako

Tangu kozi ya uongozi kwa watendaji wapya ianze, kitengo chetu cha historia ya sheria kimekuwa kama ofisi ya kumtetea Laozi, mwanafalsafa wa China ya kale anayehesabiwa mwanzilishi wa Utao. Kila rundo la mazoezi tunalosahihisha lina mtu anayeandika kwamba, kwa mujibu wa Utao, kiongozi bora ni yule asiyefanya kazi. Mshiriki mmoja aliomba kwa maandishi asamehewe vikao vya asubuhi kwa sababu "kutotenda ndiyo hekima". Ombi lilikataliwa na nakala iko kwenye faili lake.

Nimetakiwa nieleze mapema kwamba makala hii inahusu China ya kale. Haimlengi kiongozi yeyote aliye madarakani, na isisomwe kama ushauri wa kukaidi amri halali au kutolipa kodi.

Neno la Kichina linaloleta taabu ni wuwei. Limezoeleka kutafsiriwa "kutotenda", na hapo uvivu ukapata cheti. Kinachokataliwa na neno hilo ni kulazimisha mambo: mtawala kutia mkono kila mahali na kuweka amri juu ya amri. Sura ya 57 ya Daodejing, kitabu kinachohusishwa na Laozi, inasema makatazo yakizidi watu huzidi kuwa maskini, na sheria zikitangazwa kwa wingi wezi nao huongezeka. Sura ya 75 inataja njaa pamoja na sababu yake, kwamba walio juu wanakula ushuru mwingi mno. Anayeandika hivyo hamwambii mtawala akalale. Anamwambia atoe mkono kwenye chungu.

Na chungu chenyewe kimo, sura ya 60: kutawala nchi kubwa ni kama kupika samaki wadogo. Aliyewahi kubandika dagaa wabichi hahitaji mhadhara. Ukipitisha mwiko mara ya pili vichwa vimeachana na miili. Ya tatu, una uji wa miba. Lakini moto lazima uangaliwe, chumvi ipimwe, na mpishi asitoke jikoni. Washiriki wetu wanausoma mstari huu huku wakiwa wameshatoka jikoni.

Sura ya 17 ndiyo inayopendwa kwenye hotuba. Inawapanga watawala madaraja manne. Wa juu kabisa, watu wanajua tu kwamba yupo; nakala nyingine za baadaye zinasema hata hilo hawalijui. Wa pili wanampenda na kumsifu. Wa tatu wanamwogopa, wa nne wanamdharau. Tazama anayependwa amewekwa wapi. Mfuasi wa Confucius, mwanafalsafa mwingine wa China ya kale, hawezi kuukubali mpangilio huo, kwa sababu kwake mtawala ni wa kuonekana: ni kama nyota ya kaskazini inayokaa mahali pake na nyingine kuizunguka, na wema wake ni upepo unaolaza majani. Confucius naye hakuziamini sana adhabu. Watu wakiongozwa kwa adhabu, alisema, watajifunza kuzikwepa na aibu hawataiona. Laozi anakwenda mbele zaidi na kuutilia shaka hata huo mfano mwema, maana wema ukianza kusifiwa watu huanza kuuigiza.

Dai jingine la kwenye mazoezi ni kwamba Watao, yaani wafuasi wa Utao, walikuwa wanademokrasia: hapana. Sura ya 3 inataka matumbo ya watu yajazwe na mioyo yao iachwe mitupu. Sura ya 65 inawasifu watawala wa kale kwa kutowaerevusha watu. Kitabu kilikuwa kikisema na mtawala. Nimelieleza hili hadi nimechoka, na bado linarudi kwenye mazoezi likiwa limepigiwa mstari.

Kambi ya tatu, baada ya Laozi na Confucius, ni ya watu wa sheria, waliotaka nchi iongozwe kwa sheria na adhabu, na hawa ndio tunaoshinda nao ofisini. Shang Yang, waziri wa Qin, dola iliyokuja kuiunganisha China, kabla ya kutangaza sheria zake alisimamisha nguzo ya mti kwenye lango la kusini la soko la mji mkuu. Atakayeibeba hadi lango la kaskazini angelipwa dhahabu kumi. Watu wakashangaa, asitokee mtu. Akapandisha hadi hamsini. Mmoja akaibeba, akalipwa papo hapo. Sheria zikatoka baada ya hapo: familia zikafungwa katika makundi ya tano na kumi, kila mmoja akawajibika kwa kosa la jirani, na asiyemripoti mkosaji alikatwa kiunoni. Mwaka 338 KK, akikimbia kukamatwa, Shang Yang aliomba kulala kwenye nyumba ya wageni. Mwenye nyumba, asiyemjua, akamjibu kwamba sheria ya Bwana Shang inamwadhibu anayempokea msafiri asiye na hati.

Kisa hicho kinapendwa, na kimewafanya wengi waamini kwamba kila kosa la Qin lilikuwa kifo. Naomba tutulie hapa. Mwaka 1975, huko Shuihudi katika mkoa wa Hubei, lilifukuliwa kaburi la ofisa mdogo wa Qin aliyeitwa Xi. Alizikwa na vipande vya mianzi zaidi ya 1,100, vingi vikiwa na sheria za kazi yake. Kwenye sheria ya shokoa, yaani kazi ya lazima kwa serikali, utaratibu wa kuchelewa ni huu: siku tatu hadi tano, unakaripiwa. Siku sita hadi kumi, faini ya ngao moja. Zaidi ya kumi, faini ya deraya (vazi la vita) moja. Ofisa aliyeagizwa kukusanya watu na asitekeleze, deraya mbili. Mvua ikizuia, agizo linafutwa. Narudia, linafutwa.

Sasa linganisha na mwaka 209 KK. Watu 900 waliokuwa wakipelekwa kulinda mpaka walikwamishwa na mvua. Chen Sheng na Wu Guang, wawili miongoni mwao, wakawaambia wenzao kwamba kuchelewa ni kukatwa kichwa, hivyo heri kuasi. Miaka michache baadaye Qin haikuwepo. Yawezekana sheria ya walinzi wa mpaka ilikuwa kali kuliko ya shokoa. Yawezekana pia viongozi wa uasi waliikuza. Ninachokiona ni kwamba watu 900 walikuwa tayari kuiamini serikali yao kwa ubaya wowote utakaosemwa juu yake.

Dola ya Han, iliyokuja baada ya Qin, ndiyo iliyojaribu kuutumia Utao ofisini, na hapa ndipo ningependa wasomaji wetu wakae. Mwaka 193 KK Cao Shen alimrithi Xiao He kama waziri mkuu. Hakubadilisha kitu. Makarani wakali wanaotafuta sifa aliwaondoa, akachukua wazee wazito wa maneno. Akanywa pombe usiku na mchana, na aliyekuja kumshauri alijaziwa kikombe hadi asahau alichojia. Mfalme kijana Hui akamtuma mtoto wa Cao Shen amuulize baba yake. Baba akamtandika viboko 200.

Mfalme alipomkabili mwenyewe, Cao Shen alivua kofia na kuuliza: mkuu, wewe na marehemu baba yako nani zaidi? Mfalme akasema hathubutu kujilinganisha. Na mimi na Xiao He? Inaonekana humfikii. Vema, akasema Cao Shen; baba yako na Xiao He wameshaituliza nchi na sheria ziko wazi, basi wewe kaa umekunja mikono, sisi tuzifuate bila kuzipoteza. Mfalme akakubali.

Angalieni kilichomruhusu anywe. Xiao He alikuwa ameshaandika sheria, akichagua za Qin zilizofaa. Ukijaribu kikombe cha Cao Shen kabla ya kalamu ya Xiao He, utakuwa mlevi tu.

Hata kupunguza ukali kulihitaji kazi. Mwaka 167 KK Mfalme Wen alifuta adhabu za kukata viungo: pua ikawa viboko 300, mguu wa kushoto viboko 500. Wengi wakafa kwa viboko. Mrithi wake Jing akapunguza idadi ya viboko kwa awamu mbili, na mwaka 144 KK akaagiza fimbo iwe ya mwanzi, vifundo vyake vilainishwe, ipigwe makalioni tu, na mpigaji asibadilishwe katikati.

Mwisho, msiwatenganishe Laozi na watu wa sheria kama mafuta na maji. Han Fei, msomi wao mkubwa, ana sura mbili za kumfafanua Laozi, na ndimo alimoeleza kwamba wale samaki wadogo ni onyo dhidi ya kubadilisha sheria kila mara. Sima Qian, mwanahistoria wa enzi ya Han, aliwaweka Laozi na Han Fei katika sura moja ya historia yake.

Anayetaka tumhakikishie nukuu ailete kwa maandishi, pamoja na namba ya sura na jina la mfasiri. Isiyo na namba inarudishwa bila majibu. Ile ya safari ndefu kuanza na hatua moja ipo, sura ya 64, msilete tena. Ile ya kumfundisha mtu kuvua badala ya kumpa samaki haimo. Tumepitia sura zote 81, na samaki wa mapishi tuliyemkuta ni yule wa chunguni.