Ndizi, Potasiamu na Kumbukumbu: Ubongo Hujifunza kwa Kulegeza Breki

Msimu wa mitihani ukikaribia, wazazi hutuuliza swali lile lile: mtoto ale ndizi ngapi ili asisahau anachosoma? Wamesikia kwamba ndizi ina potasiamu, na kwamba ubongo unaihitaji. Yote mawili ni kweli. Lakini kwa mtu mwenye figo nzima, potasiamu ya damu hubaki kati ya milimoli 3.5 na 5.0 kwa lita, na ziada hutoka kwa mkojo. Kununua vidonge vya potasiamu bila kuandikiwa na daktari ni hatari, hasa kwa mgonjwa wa figo, maana potasiamu ikizidi kwenye damu inaweza kusimamisha moyo. Kwa mtu mwenye afya, kumbukumbu haikuzwi kwa kuongeza potasiamu. Kinachobadilika anapojifunza ni vijitundu vinavyoipitisha.

Vijitundu hivyo ni protini zilizopenya utando wa seli ya neva, nasi tunaviita chaneli za potasiamu. Ndani ya seli potasiamu ni milimoli 140 hivi kwa lita. Nje yake haifiki kawaida hata 5. Seli inapotoa ishara, sodiamu huingia kwa kasi, kisha chaneli za potasiamu hufunguka, potasiamu hutoka, na umeme wa seli hutulia. Yote hayo huisha kwa milisekunde moja au mbili. Alan Hodgkin na Andrew Huxley waliyaeleza kwa hesabu mwaka 1952, baada ya kupima neva nene ya ngisi. Kwa hiyo chaneli hizi ni breki: huzima ishara, na huizuia seli isifyatuke ovyo.

Aliyetuonyesha vizuri kuliko wengi jinsi breki hiyo inavyohusika na kumbukumbu ni Eric Kandel, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Alimchunguza Aplysia, konokono wa baharini mwenye seli za neva zipatazo 20,000 tu, baadhi kubwa kiasi cha kuonekana kwa macho. Ukimgusa kidogo, huvuta yavuyavu lake ndani. Akipigwa shoti mkiani, baadaye hata mguso mwepesi humfanya alivute kwa nguvu zaidi: amejifunza kwamba kuna hatari. Ndani ya neva zake, shoti ile humwaga serotonini, kemikali mojawapo ya kupeleka ujumbe. Serotonini huamsha kimeng'enya, na kimeng'enya husababisha baadhi ya chaneli za potasiamu zifungwe. Ishara basi hudumu kidogo zaidi, kalsiamu nyingi zaidi huingia, na seli humwagia jirani yake kemikali nyingi za kupeleka ujumbe. Hiyo ndiyo kumbukumbu ya muda mfupi, na mimi hushangaa kila ninapoieleza: muda mdogo mno, uliopatikana kwa kuchelewesha potasiamu kutoka.

Shoti moja hufifia upesi. Zikirudiwa kwa kuachiana nafasi, kimeng'enya kile hufika hadi kwenye kiini cha seli, jeni huwashwa, protini mpya hutengenezwa, na maungio mapya kati ya neva huota. Kwa mwanafunzi, somo lililorudiwa siku tofauti linashinda lililokesheshwa usiku mmoja.

Kwa wanyama walio karibu nasi zaidi, ushahidi unaelekea upande huo huo. Sungura waliofundishwa kupepesa jicho baada ya mlio walionekana kuwa na breki hafifu kwenye seli za hipokampasi, sehemu ya ubongo inayounda kumbukumbu mpya. Baada ya siku chache breki ilirudi kama zamani, lakini walichojifunza kilibaki. Sungura wazee breki yao ni nzito zaidi, na hujifunza polepole.

Je, tutengeneze basi dawa ya kufunga chaneli hizi? Hapa nasema wazi kwamba ningeogopa. Inzi wa matunda wenye kasoro kwenye jeni iitwayo Shaker, ambayo hutengeneza chaneli ya potasiamu, hulala muda mfupi mno na kumbukumbu yao huwa dhaifu. Sumu ya hongo, yule nyoka wa kijani wa kwenye miembe na mikorosho ya pwani yetu, ina dendrotoksini, protini inayoziba baadhi ya chaneli hizi. Ikiwekwa kwenye ubongo wa wanyama wa maabara huwatia degedege.

Binadamu nao wapo. Kasoro kwenye jeni ya KCNQ2 hudhoofisha chaneli moja ya potasiamu, na mtoto anaweza kuanza kupata kifafa siku chache tu baada ya kuzaliwa. Wapo wanaopona wakikua, na wapo wanaobaki na ulemavu mkubwa wa kujifunza. Mtoto mchanga anayekakamaa au kutikisika kwa degedege apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, asisubirishwe kwa mganga. Degedege la wachanga lina sababu nyingi, zikiwemo maambukizi na kupungukiwa sukari, na daktari huanza na hizo. Ikithibitika kuwa chanzo ni KCNQ2, kabamazepini mara nyingi husaidia: kwa kuwa potasiamu haitoki inavyopaswa, dawa hii hupunguza sodiamu inayoingia.