Chennai hula kwa saa

Watu wengi wa kwetu wanaokwenda Chennai, mji wa kusini mwa India, hawaendi kutalii. Wanampeleka mgonjwa, au wanamfuata aliyekwisha kulazwa, na wanapanga chumba karibu na hospitali, Greams Road au mitaa ya jirani. Siku za mwanzo wanaishi kwa biskuti na ndizi, kisha simu yangu inaita: "Kaka, huku chakula hakuna." Mimi ni mpishi, nimekaa jikoni za mji ule kujifunza kazi, na swali langu kwao huwa ni hilo hilo: ulikwenda saa ngapi?

Ubao wa ukutani unaweza kuwa na vyakula mia. Usiuamini. Ingia saa saba mchana uagize dosa, ule mkate mwembamba kama chapati ya maji, sehemu nyingi utaambiwa hakuna. Ingia saa mbili usiku utake wali kamili na mboga zake, hakuna pia. Kuanzia asubuhi na mapema hadi saa nne hivi ni idli, vitumbua vyeupe vya mvuke, dosa, vada, bajia za dengu, na pongal, ule wali laini uliopikwa na dengu, samli na pilipili manga. Saa sita hadi saa tisa ni wali. Kisha panapoa, na kuanzia saa kumi idli na dosa zinarudi mpaka kufunga. Hivyo vya asubuhi na jioni wenyewe wanaviita tifini, na wali wa mchana unaitwa mils. Ukiyashika hayo mawili, umeushika mji.

Sababu iko jikoni. Idli na dosa zinatoka kwenye rojo moja: mchele uliochemshwa ungali na maganda yake, na punje ndogo zenye ganda jeusi, jamaa ya choroko, ziitwazo urad. Vinalowekwa kila kimoja peke yake, vinasagwa na maji kwenye mashine ya jiwe, vinachanganywa na chumvi na kuachwa usiku kucha vichachuke vyenyewe, bila hamira. Kwa joto la Chennai, kufika alfajiri ndoo imefura hadi mdomoni. Rojo hilo changa ndilo la idli, maana idli hupikwa kwa mvuke na inataka hewa ndani. Linalobaki linazidi kuwa kali kadiri jua linavyopanda, na hilo mpishi anapenda kulimwaga kwenye bamba la chuma liwe dosa. Ikifika saa tano, bamba linapumzishwa na mafundi wanahamia kwenye masufuria ya wali. Anayeagiza dosa saa saba anataka kuwarudisha watu kwenye moto uliokwisha zimwa.

Ratiba hii iko wazi kuliko popote katika Amma Unavagam, kantini za manispaa zilizoanzishwa 2013 chini ya serikali ya Waziri Kiongozi wa jimbo, Jayalalithaa. Zilianza na idli ya rupia 1 asubuhi, wali wa sambar, mchuzi wa mbaazi, wa rupia 5 na wali wa maziwa ya mgando wa rupia 3 mchana, na baadaye zikaongeza chapati mbili za jioni kwa rupia 3. Unalipa, unapewa tiketi, unakula umesimama. Nyingine ziko ndani ya hospitali za serikali. Wasomaji wenye safari za matibabu, msizidharau: kinachouzwa ni kidogo, kinaisha, na kilichoisha hakilali.

Sasa mils, maana hapo ndipo wageni wanapopotea. Unatandikiwa jani la mgomba, ncha yake ikielekea kushoto kwako. Unalinyunyizia maji na kulipangusa kwa kiganja. Wanapita watu na ndoo ndogo za chuma: huyu chumvi na achari, huyu mboga kavu ya maharage mabichi au kabichi yenye nazi, huyu papadi. Kisha wali, na sisi wa Pwani tukiuona wali tunataka kumwaga kila kitu juu yake kwa pamoja. Subiri. Wali unakuja kwa awamu, na kila awamu ina mchuzi wake. Awamu ya kwanza ni dengu na kijiko cha samli. Ya pili ni sambar. Ya tatu ni rasam, maji mepesi ya ukwaju, nyanya, pilipili manga na bizari nyembamba, na kwa kuwa jani halina ukingo, chimba kisima katikati ya wali kabla hayajamwagwa, la sivyo yatakukimbilia mapajani. Ya mwisho ni maziwa ya mgando, na hapo ndipo achari inapopata kazi. Mpango ni kutoka kizito kwenda chepesi, na ukiufuata utashangaa umekula wali mara nne na tumbo halijalalamika. Kuongezewa ni bure. Asiyetaka aweke mkono juu ya jani na kusema "podum", imetosha. Ukimaliza, likunje jani kwa kulileta upande wako.

Sambar nina neno nayo. Mwili wake ni mbaazi zilizokobolewa na kupasuliwa, na India, pamoja na kulima nyingi kuliko nchi yoyote, mara nyingi haziitoshi. Zinaagizwa Myanmar, Msumbiji, Malawi na kwetu Tanzania. Agosti 2017 serikali ya India iliweka kikomo cha uagizaji, na bei ikaporomoka kwa wakulima wa Mtwara, Lindi na Manyara, wengine wakaziacha mbaazi shambani. Kwa hiyo ile ndoo ya sambar inayopita mezani pako ina habari nyingi za nyumbani kuliko unavyodhani. Tofauti ni matumizi: sisi tunazipika nzima na nazi na kuzilia mahamri, wao wanaziponda hadi zipotee, wanatia ukwaju, kisha wanamalizia kwa mafuta ya moto yenye haradali, pilipili kavu na mvuje. Ndiyo, mvuje ule ule ambao bibi zetu wanawafungia watoto dhidi ya mashetani. Kwenye mafuta ya moto harufu yake kali inalainika na kukaribia kitunguu kilichokaangwa, na ndiyo maana jikoni zisizogusa kitunguu wala kitunguu saumu, ambazo hazikosi mitaa ya Mylapore karibu na hekalu la Kapaleeshwarar, zinautegemea sana.

Hoteli ya mboga tupu inaandika hivyo mlangoni, na inamaanisha: hakuna nyama, hakuna samaki, hakuna yai. Maziwa na samli vinaruhusiwa. Usiingie na mfuko wa kuku uliyemnunua kwingine, hata kama ni wa mgonjwa. Kwenye vyakula vya pakiti tazama alama iliyowekwa na sheria: nukta ya kijani ndani ya mraba ni mboga, pembetatu ya kahawia si mboga.

Wenye hamu ya nyama, na Waislamu wanaotafuta halali, waelekee mtaa wa Triplicane, kuzunguka Msikiti Mkubwa wa Wallajah uliojengwa 1795, au barabara ya Anna Salai, ilipo Buhari ya tangu 1951, hoteli inayojivunia kuzaa yule kuku mwekundu wa kukaanga aitwaye Chicken 65. Biriani ya huku usiipime kwa biriani ya Zanzibar au Mombasa. Hutapewa masala pembeni na wali wa rangi mbili. Nyama na wali vinaivia pamoja, na mara nyingi mchele ni seeraga samba, punje fupi nyembamba kama bizari, unaokunywa mchuzi wote ukabaki mkavu. Pembeni wanakupa mchuzi mchachu wa biringani na vitunguu kwenye mtindi. Mimi naipenda kuliko ya basmati, na najua nitatukanwa. Hasa ni chakula cha mchana: sehemu nyingi sufuria inafunguliwa kabla ya saa sita, na ukifika saa kumi huenda ukakuta wanakwangua. Samaki naye ni wa mchana. Ukiona neno vanjaram, huyo ni nguru, amepakwa pilipili na kukaangwa juu ya chuma, na bei yake ni ya nguru vile vile.

Usiku ni zamu ya parota. Si chapati yetu ya kusukuma, ingawa zinafanana ukoo: donge linarushwa na kuvutwa hadi liwe jembamba kama kanga, linakunjwa, linachomwa, kisha zinapangwa kadhaa na kupigwa makofi ya pembeni ili matabaka yaachane. Zinamwagiwa salna, mchuzi mwepesi wa nyama. Ile kelele ya vyuma viwili vikigonga bamba, utakayoisikia kabla ya kuona kibanda, ni parota zinazokatwakatwa na mayai.

Ukali wa pilipili unaitwa karam, na ukisema "karam vendam" wataelewa huutaki, ingawa sambar ya ndoo haiwezi kupunguzwa kwa ajili yako. Mgonjwa mwagizie idli au wali wa maziwa ya mgando. Maji kwenye bilauri za chuma waachie wenyeji, nunua chupa na ukague kizibo. Kahawa kunywa bila woga, imechemka: inakuja kwenye bilauri ndani ya bakuli dogo, na unaimimina huku na huku mpaka ipoe na kutoa povu. Kodi ya asilimia 5 itaongezwa chini ya bili, na ukumbi wenye kiyoyozi mara nyingi una bei yake ya juu kwa chakula kile kile.

Chakula cha kubeba kinaitwa parseli. Anayemlisha mgonjwa wodini anunue parseli ya wali saa sita kamili, kabla ya watu wa maofisini, na ya idli saa moja jioni. Saa nane mchana utapata meza, lakini sambar itakuwa imeongezwa maji.